Mama Yangu, Mteja wa Mwenzangu

Simu ya ofisi ilikaa mezani kwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua watu wanamtaka nani. Walinisalimia vizuri, wakaniuliza habari za nyumbani, halafu wakashusha sauti: "Samahani, yule mama wa Tanga yupo?" Mwanzoni nilikuwa nacheka na kuita, "Dada, simu yako hii." Baadaye niliacha kucheka. Kuna asubuhi moja nilimwona mwenzangu kabisa kupitia mlango uliokuwa wazi, anakunywa chai, nami nikamwambia mtu wa kwenye simu kwamba hayupo, labda nimsaidie mimi. Yule mtu akasema haina shida, atapiga kesho.

Ofisi tuliifungua pamoja, sisi wawili, vyumba vitatu nyuma ya maduka ya pembejeo hapa Bariadi. Mimi nilikuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka mingi kabla ya kurudi chuoni kusomea unasihi. Yeye ni mwanasaikolojia aliyeletwa Simiyu na uhamisho wa mumewe, mtumishi wa serikali. Tulikuwa na kazi za namna mbili. Tulipokea watu mmoja mmoja, wenye huzuni isiyoisha, wenye hofu, wasiolala, wenye ndoa zilizochoka. Na tulitoa mafunzo kwa walimu, wauguzi na viongozi wa dini, ili waweze kumtambua mtu aliyezidiwa kabla mambo hayajaharibika.

Niliamini mimi ndiye nitakayetafutwa. Nimezaliwa Mwamapalala, nimelima pamba na wazazi wangu, na Kisukuma ndicho nilichoanza kuongea kabla ya lugha nyingine yoyote. Mwenzangu alikuja na Kiswahili cha kwao kilichonyooka, ushungi wake, na Kisukuma cha maneno matano. Aliwaamkia bibi zetu "mwadila" saa mbili za asubuhi, salamu ya mchana hiyo, na wao wakacheka mpaka wakashika magoti. Kisha wakaingia chumbani kwake, mlango ukafungwa, na saa nzima ikapita. Wangu walitoka baada ya nusu saa wakiniambia wanajisikia nafuu. Nafahamu mtu anayesema hivyo ili aondoke.

Nilianza kumsahihisha mbele za watu. "Dada, asubuhi tunasema mwangaluka." Alinishukuru, tena kwa dhati, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mama mmoja wa Sola, mke wa mkulima, ndiye aliyenieleza mambo yalivyo bila kujua ananichoma. Alikuwa amekuja mara mbili kwangu, mara ya tatu akaomba abadilishiwe. Nilimuuliza, kwa sauti ile tuliyofundishwa, kama kuna jambo nililomkosea.

"Hapana, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Wewe ni mtoto wa huku. Mama mkwe wangu anaimba kwaya na shangazi yako. Nikikuangalia, namwona shangazi yako. Yule hana shangazi hapa."

Nikamjazia fomu ya kuhamia kwa mwenzangu, nikaisaini. Kalamu ilitoboa karatasi.

Katika mafunzo, hata hivyo, nilikuwa bado nawika. Ukumbi ulikuwa wangu. Mwenzangu anaongea taratibu, anasubiri watu wafikiri. Mimi najua kuwachekesha walimu waliochoka. Na nilikuwa na mfano mmoja niliokuwa nautumia kila mahali: mama yangu. Baba alikuwa amefariki, na sisi watoto tulimwogopea mama. Lakini ndani ya miezi michache alikuwa amerudi shambani na kanisani, anapika, anapokea wageni. Nilisimama mbele ya watu nikasema, "Mimi nilikaa na mama yangu, nikamsikiliza, nikampa nafasi ya kuomboleza. Leo hii ukimwona huwezi kujua kwamba alifiwa." Watu waliandika. Mara ya mwisho niliusema mfano huo Kiloleli, kwenye semina ya walimu, na wakati wa chakula mwalimu mmoja akaja kunishika mkono, akaniambia mama yangu amebarikiwa kuwa na binti kama mimi. Nilirudi Bariadi nimejaa fahari.

Siku iliyofuata nilifungua daftari la miadi kutafuta nafasi ya mteja mpya. Kwenye Alhamisi, saa nne, kwa mwandiko wa mwenzangu, niliona jina la mama. Niligeuza kurasa nyuma. Alhamisi iliyopita, jina la mama. Na ile ya kabla yake. Zote ni siku ambazo mimi nilikuwa nje na mafunzo.

Niliingia chumbani kwake bila kubisha hodi.

"Mama yangu anakuja hapa?"

Aliweka miwani mezani. "Kaa, mwenzangu."

"Sikai. Anakuja hapa kwako?"

"Ungeniuliza kuhusu mtu mwingine yeyote ningekujibu nini?"

"Huyo si mtu mwingine yeyote."

"Kwangu mimi ni mteja," akasema. "Alikuja kukuletea michembe, vile viazi vyenu vya kukausha, hukuwepo. Tukakaa, tukaongea. Mengine siwezi kukwambia, na wewe unajua kwa nini. Nilimwomba akwambie mwenyewe. Alisema atakwambia akiwa tayari."

Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Ndilo ambalo mimi mwenyewe nalifundisha, siku ya kwanza ya kila semina, kabla ya chai: neno la mteja ni la mteja. Nilitoka nikasimama uani karibu na tangi la maji, na sikuwa nafikiri kama mtaalamu. Nilifikiri kama mtoto aliyerudi nyumbani akakuta mwenzake amekalia kigoda chake. Mama aliyenibeba mgongoni shambani alikuwa amepanda gari kutoka Mwamapalala, amekuja mpaka mlangoni kwangu, akaingia mlango wa pili. Amemwambia nini ambacho mimi sifai kukisikia? Nikajiuliza pia kama alilia. Kwangu hakulia hata siku moja tangu msiba. Wazo kwamba machozi yake yalidondoka kwenye zile tishu za chumba cha mwenzangu halikuniacha wiki nzima.

Mafaili yote tunayaweka kwenye kabati la chuma, na funguo tunazo mbili, yeye na mimi. Jumanne moja mwenzangu alikwenda Maswa kwa kazi. Niliwasindikiza wateja wawili, nikafunga mlango wa mbele, nikafungua kabati. Sitasema kwamba sikujua ninachofanya, kwa sababu nilijua. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, na hilo linanitisha mpaka leo.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Mwenzangu huandika kwa ufupi. Nilitarajia kukuta kosa fulani la baba, au siri ya ukoo, kitu kikubwa ambacho kingeeleza kwa nini mama hakuniambia. Hakikuwepo. Iliandikwa kwamba halali vizuri tangu mumewe afariki. Kwamba anapika chakula cha watu wawili, halafu anampa mbwa. Kwamba kanisani anakaa nyuma ili aweze kutoka bila kuonekana. Na chini, mistari hii ambayo nimeishika kwa moyo bila kutaka: "Binti yake ni mtaalamu, na huwaambia watu kwamba mama yake amepona. Jirani alimsikia kwenye mafunzo akaja kumpongeza. Mteja anaona aibu kumwangusha binti. Akija binti, anajikaza."

Nilisoma mara mbili. Nikarudisha faili mahali pake, nikafunga kabati, nikaenda kumpokea mteja wa saa nane. Sikumbuki hata neno moja alilosema, na alistahili bora kuliko hivyo.

Ungedhani wivu ungekwisha pale. Haukuisha. Niliona aibu, ndiyo, lakini juu ya aibu nilikasirika kwamba mwenzangu amekuwa akijua haya na bado ananiamkia kila asubuhi, ananimiminia chai, anasikiliza nikijisifu kuhusu Kiloleli. Alijua, akakaa kimya. Nilimchukia kwa ajili ya ukimya ule ambao ulikuwa ndiyo kazi yake.

Nilidumu siku kumi. Siku ya kumi na moja tulikuwa tunaandaa mafunzo ya wauguzi, tunapanga nani atafundisha nini. Akanisogezea karatasi, akasema, "Mada ya usiri ni yako, kama kawaida."

"Chukua wewe," nikasema.

"Kwa nini? Unaifundisha vizuri kuliko mimi."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema nimefungua kabati, nimesoma faili la mama yangu, lote. Nilikuwa nategemea atapaza sauti, na kwa kweli nilitaka apaze, ili nami nipate pa kushika.

Aliweka kalamu chini. Halafu akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Nikautoa kwenye kamba yangu nikampa.

"Wateja wako nitakutolea mafaili yao mwenyewe, asubuhi, na utanirudishia jioni. Mpaka tutakapokubaliana vingine." Akautia ufunguo mfukoni. "Na yeye lazima aambiwe. Ni haki yake. Lakini simwambii mimi."

"Dada..."

"Simwambii mimi. Ningekuwa ninakusafishia kosa."

Jumamosi nikaenda Mwamapalala. Mama alikuwa uani, ametandaza jamvi, anachambua pamba, akitenga safi na ile yenye majani. Nilimwamkia, nikakaa chini karibu naye, nikaanza kuchambua pia. Tuliulizana habari za ng'ombe wa kaka yangu, za mvua, za mtoto wa jirani aliyefaulu. Uso wake ulikuwa ule ule wa mifano yangu: umetulia, unatabasamu panapostahili. Kwa mara ya kwanza niliona unavyochosha kuubeba.

"Mayu," nikasema, "nimefanya jambo baya. Pale ofisini kuna karatasi zako. Nimezisoma."

Mikono yake ikasimama. "Yule amekupa?"

"Hapana. Alikataa hata kunijibu. Nimechukua mwenyewe, hakuwepo."

Alitazama pamba iliyokuwa kwenye viganja vyake. Nilisubiri aseme hakuna neno, kwa sababu ndivyo alivyoniambia maisha yangu yote, nikivunja chungu, nikipoteza ada ya shule njiani: hakuna neno, ng'wanone, mwanangu. Hakulisema.

"Nilikuwa na kitu kimoja changu," akasema. "Kimoja tu. Nyumba ni ya kaka yako sasa, shamba mnaligawa, hata msiba ulikuwa wa watu wote. Kile kilikuwa changu."

Nikasema nisamehe. Akasema amesikia. Kusikia na kusamehe ni maneno mawili tofauti, na mama yangu anajua tofauti yake.

Baadaye, nilipokuwa naaga, alinifuata mpaka mwisho wa uani akaniuliza jambo moja. Nilidhani sasa ataniuliza kuhusu mimi.

"Yule mwenzako, ataendelea kunipokea?"

Nikamjibu ndiyo, ataendelea. Njia nzima ya kurudi Bariadi nilikuwa nyuma ya bodaboda na vumbi machoni, na ningependa kusema nilikuwa nalia kwa majuto. Nilikuwa nalia kwa sababu aliuliza habari za mwingine.

Mambo yameendelea hivi. Mfano wa mama yangu sikuutumia tena. Semina iliyofuata niliwaambia wauguzi kwamba niliwahi kuvunja usiri wa mtu na kwamba mtu yule aliumia; sikueleza ni nani, na ukumbi haukucheka hata mara moja. Mada ya usiri kwa sasa anaifundisha mwenzangu. Ufunguo alinirudishia baada ya miezi kadhaa, aliuweka mezani kwangu pamoja na barua za siku ile, bila hotuba. Bado sisi ni wawili, bado jina la ofisi liko mlangoni kama tulivyoliandika, na wateja wake bado ni wengi kuliko wangu. Nimeacha kusema hayupo wakati yupo. Ni kitu kidogo, lakini kinanigharimu kila mara.

Mama anakuja Alhamisi. Saa zile mimi nahakikisha niko nje ya jengo. Nakwenda benki, nakwenda kutoa nakala, nikikosa la kufanya nakaa kwenye mgahawa wa stendi nakunywa maziwa. Wiki mbili zilizopita nilikosea saa nikarudi mapema. Mlango wa mwenzangu ukafunguliwa na mama akatoka, macho mekundu, kitenge kimekaa upande, pua inavuja kama ya mtoto. Sijawahi kumwona hivyo. Mwenzangu alikuwa nyuma yake, ameweka mkono begani mwake, mahali ambapo ningeweka mkono wangu.

Mama aliponiona hakujikaza. Alijifuta uso kwa upindo wa kitenge, akaketi kwenye benchi la wateja kupumzika. Nikasimama tu. Halafu akasogea kidogo upande wa ukuta, nami nikakaa pale alipoacha nafasi. Alinukia moshi na sabuni ya kufulia, kama siku zote. Nilitaka sana kumuuliza wameongea nini, lakini sikuuliza.