Mkalimani wa Mabanda Matatu

Siku nilipomwona Mkalimani kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la tatu, amekataa kuingia mpaka mtu amtandikie gunia apitishe viatu vyake. Vilikuwa viatu vya ngozi, vya kahawia, vimechongoka mbele kama mdomo wa bata. Kwetu ni kitalu cha miche, na udongo ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayekuja kitaluni na viatu vya namna ile ama amepotea njia, ama anajiona. Huyu hakuwa amepotea.

Nilimtandikia gunia. Akapita juu yake bila kuniangalia.

"Wewe ndiye nani hapa?"

"Mimi namwagilia."

"Ulikuwa unamwagilia," akasema, akacheka peke yake.

Ni kweli, wiki ile mpira wangu wa maji uliingizwa stoo. Mama mwenye kitalu alikuwa amenunua mashine za kumwagilia, moja kila banda, na kwa kuwa alizinunua kwa wauzaji tofauti, kila mashine ilikuja na kompyuta yake ndogo inayosikia lugha yake. Mimi nikabaki kung'oa magugu na kubeba trei. Sikununa. Mgongo ulishukuru.

Aliyepanga kazi ya mashine hizo alikuwa dada mmoja mpole, mdogo wake mke wa Mkalimani. Sote tulimwita Shemeji, kwa sababu huyo bwana alimwita hivyo kutwa nzima, tena kwa sauti ya kumtuma dukani. Shemeji alizunguka nasi mabandani akiuliza mche upi unakunywa sana na upi unaoza mizizi ukizidishiwa. Kisha alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akaandika hatua moja moja kwa Kiswahili cha kawaida: anzia mstari wa kwanza, fungua bomba, subiri udongo ulowe, funga, nenda mstari unaofuata, mpaka wa mwisho. Wenyewe wanaita msimbo bandia. Mashine haiwezi kuusoma. Lazima mtu ausome, auandike upya kwa lugha ya kila mashine. Kazi ya Mkalimani ilikuwa hiyo, mpango mmoja kuutia katika lugha tatu. Ungemsikia anavyoisimulia, ungedhani ni yeye aliyeumba maji.

"Shemeji anaandika vitu vya chekechea," alisema kila wakati wa chai, anagonga kikombe kwa kijiko ili tumsikilize. "Fungua, funga, fungua, funga. Mimi ndiye navigeuza viwe lugha ya kompyuta."

"Kama ni vya chekechea, mbona kila saa unakuja kuniuliza maana yake?" Shemeji akamjibu siku moja, wala hakuinua macho.

Fundi bomba wa kitalu alicheka mpaka chai ikampalia. Mkalimani akanywea. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena Shemeji neno lolote, na kwa kiburi hicho akaianza kazi ya banda la tatu.

Kazi ya banda hilo aliimaliza mchana mmoja, miguu juu ya kiti, simu sikioni. Shemeji hakuwepo, alikuwa amekwenda kumuuguza mama yao yeye na dada yake. Mashine ikawashwa. Baada ya muda nikaona mstari wa mlangoni, wa kwanza kabisa, udongo wake umepauka.

"Kaka," nikamwambia, "mstari wa mlangoni haupati maji."

"Mzee wa Mpira, mashine haisahau. Binadamu ndiye anasahau. Umekosa kazi sasa unatafuta kasoro?"

"Nichote ndoo niumwagie?"

"Ukimwaga hata kikombe unaniharibia vipimo. Usiguse!"

Sikugusa. Miche ya nyanya ya mstari ule, iliyokuwa imeagizwa na mteja, ikalala, ikakauka, ikawa kama nywele za mzee.

Shemeji aliporudi, Mama mwenye kitalu alituita sote banda la tatu. Asubuhi hiyo Mkalimani alikuwa amewahi kuliko siku zote. Nilimkuta ameinamia ile kompyuta, jasho linamtoka, akaifunga haraka aliponisikia na ufagio. Nilidhani anatubu. Nilimpa heshima asiyostahili.

"Mama," alianza, amesimama hapohapo penye mstari uliokufa, mkono kifuani kama mtu wa msibani, "huyu ni shemeji yangu, inaniuma kusema. Lakini mpango wake ni mbovu. Nimembeba vya kutosha. Mtoe, nipange mwenyewe."

Alijua vizuri anasema nini. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inamnunulia dawa mama yao, yaani mama mkwe wake mwenyewe, ambaye yeye hakuwahi kumpelekea hata chungwa.

"Mpango ni huohuo mmoja," Shemeji alisema. "Mbona banda la kwanza na la pili miche haijafa?"

"Huko niliusahihisha kimyakimya, nikakusitiri. Huku niliuacha ulivyo, na mpaka sasa uko ulivyo. Sijagusa kitu."

Saa ya kumwagilia ikafika. Mashine ikakoroma, na bomba la mstari wa kwanza, ambalo halikuwahi kutoa tone, likafunguka na kummwagia maji kwenye viatu vyake vya mdomo wa bata. Aliruka. Akatua kwenye tope.

Mama akayatazama maji, akavitazama viatu.

"Mstari huu si ndio ulikuwa haunywi?"

"Ndio huu," akasema fundi bomba, anang'ata shavu asicheke.

"Na hakuna aliyegusa?"

Shemeji akaenda kwenye kompyuta, akasoma, akageuka.

"Mabanda mawili yale, lugha zake zinahesabu kuanzia moja. Hii inaanzia sifuri, mstari wa kwanza ndio sifuri. Yeye alihamisha moja yangu kama ilivyo, mashine ikaanzia mstari wa pili. Leo asubuhi ameifuta, ameweka sifuri; kumbukumbu ya mashine iko hapa." Akamtazama. "Kosa la kawaida, shemeji. Hata mimi limewahi kunipata. Ungeniambia tu."

Mkalimani alikuwa anakung'uta tope. Kukosea, nani hakosei? Lakini kuficha kosa asubuhi na mchana kumtwisha mdogo wa mke wako, kwa kitu cha kurekebishwa kwa kidole kimoja, hilo halihitaji lugha tatu kulieleza.

Mama hakupandisha sauti. Alinigeukia mimi.

"Toa mpira stoo. Mstari huu utapandwa upya, na Shemeji ndiye atakayekuelekeza. Na wewe, bwana, viatu vimelowa. Nenda nyumbani ukavianike."

Hakumwambia arudi lini. Hata yeye, pamoja na ukalimani wake, alielewa.

Nilimfungulia geti. Aliegemea toroli langu bila kuomba, akafuta kiatu kwa leso, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Shemeji alikuwa hapo karibu anachagua mbegu, sauti ya kawaida ingemfikia. Nikangoja amwite, amwombe radhi, au hata amuage tu. Akakunja leso, akaninyooshea mkoba nimshikie wakati anavuta soksi, akaniambia:

"Mzee wa Mpira, mwambie shemeji, siku nyingine awe anaandika sifuri."