Gurudumu Alilokalia Mama

Nakumbuka siku moja ya msimu wa pamba, mwanangu, siku ambayo nikianza kuisimulia watu wa nyumba hii hukumbuka ghafla kwamba wana kazi jikoni. Wewe leo huendi jikoni. Umeanza kuendesha magari ya watu na karibu utaoa, kwa hiyo kaa hapa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, sisi tukiishi Busia. Mume wangu Wandera aliendesha lori la pamba, na kazi aliijua kweli, simsifu kwa sababu ni marehemu. Mtoto wetu wa kwanza, Ojiambo, alikuwa ndio kwanza anatembea kwa kushika ukuta. Homa ikampata. Dawa za majani zikashindwa, akawa hashiki tena titi. Wandera akasema lori linapeleka marobota Tororo, tumpeleke hospitali huko huko.

Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kunisaidia kuuguza. Sasa elewa: kwetu Wasamia wa wakati ule, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutazamana usoni wala kusemeshana. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Mbele ya lori nafasi ilikuwepo, lakini mama asingethubutu. Akapanda nyuma, akajibana kando ya marobota, juu ya gurudumu la kushoto. Mimi nikakaa mbele na mtoto mapajani.

Tulipopita Sikuda lori likaanza kulia, mlio mwembamba wa kuudhi, kama mbu aliyeingia sikioni. Wandera akasikiliza. Akakanyaga klachi, injini ikashuka, mlio ukabaki palepale. Akaacha lori lipunguze mwendo lenyewe, na mlio nao ukafifia pamoja na magurudumu.

"Si injini, si gia," akaniambia. "Hii ni beringi ya gurudumu, imekauka grisi. Mimi napoza, natia grisi, tunakwenda polepole mpaka Tororo."

Chini ya kiti alikuwa na kopo zima la grisi. Akasimama, akashuka, akaanza kugusa vitovu vya magurudumu kwa kiganja, maana gurudumu linaloungua hujulikana kwa joto. Mawili ya mbele yalikuwa baridi. La nyuma kulia, baridi. Likabaki la kushoto, na hapo mama alikuwa ameshuka kunyoosha miguu, amejifunika leso kichwani, ameipa barabara mgongo kama ilivyompasa. Wandera alipomwona alirudi mbio, macho chini.

"Ni hiyo moja imebaki," akasema, "lakini mama iko hapo. Tukifika Tiira nitapata mtu wa kumwambia asogee."

Ningeshuka mimi nimwambie. Lakini dakika hiyo Ojiambo alikuwa amekakamaa mikononi mwangu, macho yamegeuka, na sikuwaza kingine chochote. Wandera alipomwona vile alisubiri tu mama apande, akaondoa lori.

Hatukwenda mbali, mama akaanza kugonga mbao za lori. Sasa wewe ni dereva, unajua: aliye nyuma akigonga, maana yake twende. Mama hakujua sheria za malori. Alikuwa anasikia harufu ya kuungua chini yake, na kumwita mkwe wake kwa sauti lilikuwa jambo ambalo mdomo wake haukujua kulifanya.

"Mama anasema tukimbie," Wandera akasema, akakanyaga mafuta. Mama akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Naye akaongeza mwendo, machozi yanamtoka.

Mwamba wa Tororo tulikuwa tunauona kwa mbali gurudumu lilipojikaza na ekseli ikakatika. Lori likainamia mtaroni. Hatukuumia. Barabara ilikuwa tupu, tukaanza kutembea, mtoto nimembeba mgongoni. Joto lake lilikuwa limenichoma tangu asubuhi. Baada ya muda likaanza kupungua, nami nikafurahi, mwanangu. Nilidhani anapona.

Siku ya mazishi mama alivua leso, akamwendea Wandera mbele ya watu wote, akamtazama usoni. Haya ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake.

"Mkwe, mimi nilisikia hiyo moto. Niligonga usimame."

"Mama, mimi nilidhani unasema nikimbie."

Wazee wakanung'unika, wakasema mila imevunjwa, lazima atoe mbuzi. Mama akawajibu, "Mbuzi iko, nitaleta. Mjukuu nitatoa wapi?" Kopo la grisi lilirudi nyumbani halijafunguliwa.

Sikuambii udharau wakwe zako. Wandera na mama waliheshimiana mpaka kufa, na mimi niliwapenda wote wawili, ingawa miaka mingi sikuweza kuwatazama pamoja. Ninachokuambia ni hiki: gari likilia, simama, uguse magurudumu yote, hata kama kando ya la mwisho amesimama mama mkwe wako. Na kabla hujaoa, tuma wazee kwa mama wa msichana huyo. Wamwambie kwamba siku ya hatari ana ruhusa ya kukupigia kelele kwa jina lako.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde wewe na utakaowabeba, akupe watoto watakaokuzika wewe, na kila utakapokuwa unakosea njia akuwekee mtu asiyeogopa kukuambia simama.