Wimbo Tulioupeleka Korogwe

Mji wa Korogwe niliujua kwa pua kabla ya macho. Masika, mvua ikishanyesha siku tatu mfululizo, takataka za mkonge zilizorundikwa nje ya viwanda huoza na kutoa harufu nzito ya uchachu inayokwama kooni. Sisi watoto wa Kang'ata, tulioshuka kwenye lori tukiwa tumelowa chapachapa, tuliivuta harufu ile tukaamini kabisa kwamba hiyo ndiyo harufu ya maendeleo. Usinicheke. Kwetu kulinuka vumbi, mbuzi na mahindi ya kuchoma, kwa hiyo kitu chochote kilichonuka vibaya kuliko hivyo tulijua lazima kiwe cha mjini. Kila mwaka msimu huo shule za Handeni na Korogwe zilikutana kwenye uwanja mmoja wa mpira kwa siku mbili za tamasha la sanaa. Kulikuwa na kwaya, ngonjera, maigizo, sarakasi, michoro ya watoto iliyobanwa kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa, na mwisho kabisa, jioni ya siku ya pili, ngoma za asili. Wenye maduka walifunga mapema waje kutazama. Wauza karanga na mihogo ya kukaanga walijipanga kando ya uwanja, matope yakiwafika vifundoni, na hakuna aliyelalamika, maana kwa mwaka mzima hakukuwa na jambo jingine la kuwakusanya watu wengi namna ile bila msiba.

Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na sauti. Nasema bila haya kwa sababu sasa haipo tena. Mwaka uliotangulia shule yetu ilishika mkia kwa sababu tulipeleka wimbo wa redioni, na shule tatu nyingine zilikuwa na wimbo huohuo. Basi mwalimu wetu wa sanaa, kijana mgeni aliyetoka mkoa wa mbali, ambaye hata Kizigua cha kuombea maji hakukijua, akatukusanya akasema, "Safari hii nataka wimbo wa hapahapa. Wimbo ambao hakuna jaji aliyewahi kuusikia. Nani ana bibi anayejua nyimbo za zamani?" Darasa zima likanigeukia. Na mimi, badala ya kuinamisha kichwa, nikanyoosha kidole.

Bibi yangu, mama yake mama, aliitwa Mwanaisha, na ndiye aliyekuwa kungwi mkubwa pale kwetu. Wasichana waliovunja ungo walikabidhiwa kwake, akakaa nao ndani, akawafunda, akawatoa wakiwa watu wazima wa kuheshimika. Mama yangu alipita mikononi mwake, mama za wenzangu pia. Nje ya kazi hiyo alikuwa mtu wa mizaha tu. Akiniona nimepaka mafuta usoni alikuwa akiniambia, "Ehee, mke mwenzangu, leo unataka kuninyang'anya mzee?" na babu alikuwa amekufa miaka mingi. Likizo ya Desemba, miezi michache kabla ya tamasha, nami nilikuwa nimeingia ndani. Yaliyofanyika humo sitayasema. Nitasema tu kwamba siku ya kutoka kuna wimbo mmoja unaoimbiwa mwali, mwanamume hausikii, na aliyetoka nao nje huwa amewavua nguo wanawake wote waliouimba kabla yake. Bibi alitushika masikio mmoja mmoja akatuambia, "Ya humu ni ya humu." Hakurudia, na hakuhitaji kurudia.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto mwenye tamaa ya kupigiwa makofi. Nilijiambia: kilichokatazwa ni maneno. Nikiyaondoa maneno nikaweka mengine, kutakuwa na kosa gani? Nikampelekea mwalimu sauti ile tupu, na mapigo yake ya ngoma, na namna ya kuchezesha mabega, naye akaruka kwa furaha. Usiku huohuo akatunga maneno ya kuhimiza watu wapande miti. Hivyo ndivyo wimbo wa bibi zangu ulivyogeuka kuwa wimbo wa mikaratusi. Mazoezi tulifanya darasani mchana, mvua ikipiga bati kwa kishindo, hata mtu wa njiani asingeweza kusikia tunaimba nini. Msichana mmoja wa darasa la saba, Tatu, ambaye tulikuwa ndani pamoja, alisikia mistari miwili akaacha kuimba. Akanivuta pembeni akaniambia, "Zaina, huu mimi siuimbi. Na wewe usiuimbe." Nikamwambia ana wivu. Akanitazama, akatoka, na hakurudi tena kwenye kikundi.

Siku ya safari bibi alitangaza kwamba naye anakwenda. Amesikia mjukuu wake ndiye atakayeongoza ngoma, hawezi kubaki nyumbani kama kuku anayeatamia. Alivaa kanga zake mpya, akapakizwa mbele kwa dereva, sisi nyuma tumefunikwa turubai. Ningeweza kumwambia pale. Tulisimama Handeni mjini karibu saa nzima gurudumu likitengenezwa, akaninunulia andazi, akanikalisha ubavuni kwake kwenye baraza ya duka, akaniuliza, "Wimbo gani mnaimba?" Nikasema, "Wa miti, bibi." Akacheka, akasema watu wa serikali wameishiwa mambo ya kuimba. Nikala andazi lote.

Uwanjani mwalimu alimpatia kiti cha mbele kabisa, mstari wa wageni, pamoja na wazee na wakinamama wengine waliokuja kutazama watoto wao. Tulipoingia mvua ilikuwa imekatika. Ngoma ikapigwa, nikafungua mdomo. Sijui kama niliwahi kuimba vile tena. Ulipofika mstari wa pili nikamwona mama mmoja, simjui, wa nyuma kidogo, anajifunika uso kwa kanga. Kisha jirani yake. Kisha wa tatu akasimama akaondoka. Nikadhani mvua imeanza tena. Walikuwa wanainuka mmoja mmoja, wanawake wa makamo na vikongwe, bila kelele, wanashikana mikono kwenye utelezi wanatoka uwanjani, na wanaume wao wamebaki wanapiga makofi wakifuata mapigo, hawana habari. Maneno nilikuwa nimebadilisha, kweli, lakini mwanamke aliyeimbiwa wimbo ule siku moja tu maishani mwake anahitaji sauti tatu za kwanza kuutambua. Nikamtafuta bibi. Alikuwa amekaa palepale. Viti vya pande zake zote mbili vilikuwa vitupu, naye ameweka mikono magotini ananitazama usoni mpaka nikamaliza.

Tulishinda. Tulipewa mpira na katoni ya madaftari, mwalimu akabebwa juujuu. Miaka mingi nilidhani bibi alibaki kwenye kiti kwa sababu ya magoti yake mabovu. Leo mimi ni mama, na ninajua. Angeinuka yeye, bibi yangu mzazi, uwanja mzima ungeelewa kwamba mtoto yule anayeimba ni wa kuaibisha. Alikaa ili nisiaibike. Na wale wanawake waliokuwa wakitoka walimwona amekaa, wakasema moyoni, basi ni yeye aliyeutoa. Tuliposhuka Kang'ata aliona natetemeka, akavua kanga yake ya juu akanitupia begani akasema, "Jifunike, umelowa." Heri angenipiga.

Baada ya wiki moja makungwi wenzake wanne walikuja nyumbani mchana. Watatu walikuwa wa umri wake, na wa nne, Bi Hadija, alikuwa bado mbichi, amefundwa ukungwi na bibi mwenyewe. Nilipowaona wakiingia nilikimbilia chumba cha ndani nikasimama nyuma ya pazia. Hawakukubali hata maji. Mkubwa wao akauliza, "Mwanaisha, wimbo umetoka. Nani kautoa?" Bibi akanyamaza. Bi Hadija akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Bibi akajibu, "Yupo. Akitaka kuja atakuja."

Sikwenda. Nilijua hao wamekuja kunilaani. Wasichana tulikuwa tumejazana hofu kwamba anayetoa siri hataolewa, akiolewa hatazaa, akizaa hakuna mwanamke atakayeingia kumsaidia. Kwa hiyo nilisimama pale. Wao nao wakakaa. Mvua ikanyesha, ikakatika, kuku wakaingia ndani wakafukuzwa, muadhini akaadhini alasiri, na wale wanawake watano wamekaa tu kimya. Wiki moja kabla nilikuwa na mdomo wa kuimba mbele ya wilaya mbili, lakini siku ile sikuwa na mdomo wa kusema "ni mimi." Jua lilipokuwa linazama nikamsikia bibi akivuta pumzi. Akasema, "Basi. Ni mimi." Wakainuka. Walichukua ngoma yake ndogo iliyokuwa ikining'inia ukutani, wakatoka nayo, na mmoja wao alikuwa analia.

Tangu siku hiyo hakuletewa mwali. Wasichana wa Kang'ata walipelekwa vijiji vya jirani. Bibi hakunilaumu hata mara moja, lakini hakuniita tena mke mwenzangu. Aliniita kwa jina langu, Zaina, kama anavyoitwa mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Alilima, alipika, alizeeka kwa kasi. Kila mara nilijiambia nitamwambia mama, nitakwenda kwa Bi Hadija, nitasema. Nikamaliza darasa la saba. Nikapelekwa Korogwe kwa shangazi kujifunza ushonaji. Masika ya pili bibi akafa kwa homa ya siku nne. Kungwi akifa, siku ya kuvunja matanga wenzake huingia chumbani mwake, hufunga mlango na kumwimbia. Walikuja wote. Walipika, waliosha vyombo, walimlilia mama shingoni. Jioni wakafunga vitambaa vyao wakaaga. Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa wazi siku nzima na hakuna aliyeingia.

Mimi sasa nina duka la ushonaji hapa Korogwe, na tamasha bado lipo. Limekuwa kubwa. Kuna spika ndefu kama mlingoti, kuna jukwaa la vyuma, na watoto wanaimba huku wazazi wamewanyooshea simu. Hata harufu ya mkonge imepungua. Masika haya nilishona sare za shule mbili, nikafunga duka nikaenda kutazama kazi yangu jukwaani. Shule moja, sijui ilitoa wapi, labda wimbo wetu ulitembea shule hadi shule miaka yote hii, ikaimba sauti ile ile, mapigo yale yale. Safari hii maneno yalikuwa ya kunawa mikono kwa sabuni. Niligeuka nikatazama wanawake. Walikuwa wanatikisa mabega, wanacheka, wanarekodi. Hakuna aliyejifunika uso. Wasichana wao hawaingii ndani tena, na wanaoingia hukaa siku mbili za likizo, kungwi wa kukodi akiwafundisha mapishi. Kitu kilichomuua bibi yangu kwa huzuni hakikumwinua hata mtu mmoja kitini. Nilirudi dukani nikalia mpaka fundi wangu akaniuliza kama nimefiwa.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Kang'ata kumtafuta Bi Hadija. Ndiye pekee aliyebaki kati ya wale wanne. Nilimkuta kitandani, macho yamefunga ukungu, mkamwana wake anamlisha uji. Nikapiga magoti, nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba," akauliza ni nani, nikajitaja mimi ni Zaina, mjukuu wa Mwanaisha. Kisha nikasema lile nililopaswa kulisema nikiwa na miaka kumi na miwili, kwamba wimbo niliutoa mimi, bibi hakujua chochote.

"Tunajua," akasema. "Pazia lenu lilikuwa fupi. Miguu yako tuliiona tangu tulipokaa."

Nikamwuliza kwa nini basi hawakuniita. Akasema desturi haikuruhusu. Mkosaji hatajwi na mtu, hujitaja mwenyewe, na mwali asipojitaja, kosa lake hulibeba kungwi wake. Mwanaisha alilijua hilo kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha hata yeye Bi Hadija. Ndiyo maana walikaa mpaka jua likazama. Walikuwa wananingoja mimi.

"Na ningetoka," nikamwuliza, "mngenifanya nini?"

Bi Hadija akageuza uso ukutani.

"Mtoto hukosea," akasema. "Ungetoa kuku mmoja. Tungekucheka siku mbili, ya tatu tungekuwa tumesahau."