Taban na mstari uliopita juu ya Ludara

Bado nasema "Taban yuko," halafu najisahihisha. Jana tumemzika kijijini Ludara, Koboko, lakini akili yangu haijafika huko.

Wengi wenu mnamjua kama yule mzee mtani wa Koboko. Mimi namjua tangu miaka ya tisini, tulipokuwa wasomaji wa picha za rada kwenye mradi wa ramani pale Arua.

Picha zilipigwa na setilaiti. Mawingu hayakuizuia. Taban aliwatisha wageni: "Hii iko naona mpaka sufuria yako. Leo iko maharagwe tena, eh?"

Siku moja picha ikaja na mstari mweupe, kama mtu ameikwaruza kwa msumari. Mtambo fulani wa redio huku chini ulikuwa unaingilia rada.

Bosi akaweka rula. Mstari ulipita juu ya Ludara. "Waasi hao! Ripoti iende jeshini leo."

Aliyeishi miaka ile anajua maana ya jeshi kuingia kijijini kutafuta redio.

Taban akafunika picha kwa kiganja. "Mstari moja haioneshi mahali, bosi. Hii iko kama barabara tu, inaenda mpaka Kongo. Utafunga watu ya Kongo yote?"

Alitaka tungoje setilaiti ipite tena, ikitokea upande mwingine. Mstari wa pili ungelala mshazari, na pale ungekatana na wa kwanza ndipo mtambo ulipo.

"Na ikikatana Ludara?" bosi akauliza.

"Nitapeleka jeshi mimi mwenyewe."

Eish! Ripoti ilihitaji saini ya Taban. Hakutia. Tukangoja.

Picha ya pili ikaja. Mistari ilikatana ng'ambo ya mpaka, porini. Mtambo wa nani? Mpaka leo sijui.

Miaka yote nimewasimulia vijana kisa hiki kama somo la kazi. Ofisini Taban alijiita "mutu ya Koboko" tu, basi. Jana, mazikoni, nikamuuliza dada yake walizaliwa wapi.

"Hapa hapa Ludara, kaka. Mama hakuhama hata siku moja."

Nikabaki nimesimama katikati ya ua. Alikuwa anafuata kanuni ya kazi, au anamlinda mama? Na mistari ingekatana hapa, kweli angewaleta wanajeshi mpaka mlangoni kwake?

Sielewi, Taban ndugu yangu, na wa kumuuliza ni wewe.

Ninachojua ni kwamba mama yako alizeeka kwake, akafa kwa uzee, na jana tumekulaza kando yake.

Haya, Taban. Lala vizuri, bwana.