Mafuta Meusi

Mzee Bucha aliuza nyama tangu enzi zile mteja akiitaja kwa jina, nundu, sarara, kidari, na muuzaji akijua nani anaumwa meno na nani kajiwa na wageni. Siku hizi nyama imelazwa kwenye plastiki kama maiti, na mnunuzi hajui kama kala paja au shingo. Duka alishalifunga. Kisu alibaki nacho.

Tumbo lilipomsumbua sana, wakampeleka kwenye mashine ya picha. Akachomwa dawa mshipani, joto likamshuka mpaka nyayoni, kisha sauti ya spika ikamwamuru: vuta pumzi, usipumue, pumua. Msemaji mwenyewe hakumwona.

"Umekata ng'ombe vipande maisha yako yote," mkewe akamtania alipotoka. "Leo zamu yako."

Hakucheka, wala hakununa. Tangu kipimo cha kwanza, walipoambiwa kuna uvimbe kwenye kongosho, hakuna neno lililomwingia. Kongosho lenyewe, pale dukani, lilikuwa la kutupiwa paka.

Daktari wa picha, binti mdogo kuliko kitinda mimba wao, akawaonyesha kwenye kompyuta. Mwili wa mzee ulikuwa umekatwa vipande vyembamba, bila tone la damu.

"Babu, uvimbe ndio huu unaong'aa. Ni wa aina ya nadra, unakua polepole. Mpasuaji anataka kujua jambo moja: umeshikana na mshipa mkubwa, au kuna mafuta katikati? Yakiwepo, anautoa wote."

Hilo alilielewa. Kisu hufuata mafuta. Akaweka kidole kwenye weupe uliokaa ubavuni mwa uvimbe.

"Si haya hapa? Mazuri kabisa."

"Mungu mkubwa!" mkewe akasema.

"Hapana, babu. Huo ndio mshipa. Humu damu yenye dawa ndiyo nyeupe. Mafuta ni meusi."

"Mafuta meusi! Makubwa haya," mkewe akaguna.

Akainama tena, akautafuta mstari mweusi. Ulishuka vizuri kati ya uvimbe na mshipa, mwembamba kama uzi, hadi nusu ya njia. Kisha weupe na weupe ukawa kitu kimoja.

"Umeishia hapa."

"Ndiyo, babu."

"Basi asikate."

Daktari akaeleza habari za sindano za kila mwezi za kuuzuia uvimbe usikue, na kwamba wapo wanaoishi nao miaka. Mkewe akauliza maswali yote, ya kwake na ya mumewe.

"Umesikia, mzee? Miaka!"

"Nimesikia."

Akauliza mlango wa kutokea uko upande gani.