Picha ya Baba Ilipotoka Wodini

Nilikuwa nakata kitambaa cha sare za kwaya kwenye chumba changu cha kushonea pale Mwisenge, Musoma, akaingia mteja wangu mmoja na uso wa msiba. Hakuulizia gauni lake. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Pole, mama. Tumeona. Mzee amepumzika."

"Mzee yupi?"

"Baba yako. Picha yake inazunguka, imewekewa mishumaa."

Niliacha mkasi nikampigia baba. Simu iliita, ikaita, halafu nikasikia sauti yake, tena sauti ya mtu aliyeudhika.

"Nyie watu leo mna nini? Tangu asubuhi simu haitulii, na mtu akisikia ni mimi anakata."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Mteja wangu alikaa kwenye kiti, akajipepea kwa kitenge.

Baba anaishi Butiama. Ni katekista mstaafu, ana ng'ombe wake wachache na shamba la mihogo. Alikuwa ametoka hospitali siku si nyingi, baada ya kupasuliwa tezi dume. Jambo hilo tulilijua sisi watoto wake na shangazi, mdogo wake wa Bunda, basi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuagiza: "Wakiuliza, semeni naumwa. Inatosha."

Mteja alinionyesha picha kwenye simu yake, akanitumia. Baba yuko kitandani wodini, kifua wazi, mdomo wazi, mpira wa mkojo unaning'inia pembeni. Chini yake kuna maneno: tumuombee kaka yangu, na ugonjwa umetajwa kwa jina lake, na wodi imetajwa. Sikuhitaji kuuliza nani aliyeandika.

Nilifunga chumba nikapanda gari la Butiama. Nyumbani nilikuta kina mama wameleta kuni na unga, mmoja ameshawasha moto nyuma ya jiko. Baba alikuwa amekaa uani anapukuchua mahindi, anampokea kila anayeingia.

"Karibuni sana," alikuwa anasema. "Marehemu ndiye mimi."

Watu walicheka kwa aibu, wakabaki kumsalimia. Walipopungua, aliniita ndani. Simu yake ni kiswaswadu, haioni picha, kwa hiyo alikuwa hajui wenzake wameona nini.

"Nionyeshe."

"Baba, acha tu."

"Nionyeshe, nimesema."

Aliishika simu yangu mbali na macho, kama anavyoshika misale akiwa hana miwani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Watoto niliowafundisha komunyo ya kwanza wameiona hii?"

"Labda, baba."

Alinirudishia simu. Nilidhani atalia, na sijawahi kumwona analia. Badala yake alikaa wima.

"Ng'ombe wakiibiwa, sisi tulikuwaga tunafuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji fulani, watu wa kijiji kile ndio wanaotuonyesha zimetokea wapi. Wasipoonyesha, ng'ombe wako kwao. Nenda ukafuate."

"Picha ikishaingia mtandaoni hairudi, baba."

"Nani kakuambia? Ulishajaribu?"

Nilikuwa sijawahi kujaribu. Nilikuwa nimesikia tu watu wakisema.

Kesho yake nilikuwa Bunda, dukani kwa shangazi, katikati ya marobota ya mitumba. Nilimwamkia, akaitikia huku anatundika mashati. Alishajua kilichonileta.

"Nilitaka kaka yangu aombewe," alisema kabla sijafungua mdomo. "Kuomba nako ni kosa?"

"Kuomba siyo kosa, shangazi. Lakini hukumuuliza."

"Nimuulize nini? Yule ni kaka yangu kabla hajawa baba yako."

"Ni kweli. Ila wewe ulipojifungua kitinda mimba wako kwa shida, mimi ndiye niliyekaa na wewe leba. Simu nilikuwa nayo mkononi."

Aliacha kutundika. Shati lilibaki mkononi mwake. Halafu alivuta stuli akakaa, akaitoa simu kwenye pochi.

"Nionyeshe pa kufutia," alisema.

Tuliifuta kwenye ukurasa wake na kwenye stetasi. Kwenye grupu la ukoo, muda wa kuifuta kwa wote ulikuwa umeshapita, tukampigia msimamizi wa grupu akaiondoa yeye. Shangazi alimkumbuka jamaa yetu mmoja wa Kisorya, mwenye kibanda karibu na kivuko, kwamba ndiye aliyeomba kuitumia. Tulimpigia palepale.

"Mishumaa uliiweka wewe?" shangazi aliuliza.

"Mimi. Nilijua mishumaa ni ya kuombea."

"Umemzika kaka yangu, wewe!"

Masikini, aliomba radhi mpaka tukamwonea huruma. Alifuta, na alituonyesha ilikoelekea: alimpelekea mtu wa Musoma mwenye ukurasa wa matangazo, unaofuatwa na watu wengi. Shangazi alifunga duka. "Twende wote," aliniambia.

Mwenye ukurasa tulimkuta kwenye ofisi yake ya kuchapa na kutoa kopi. Mtu mzima, ana kitambi, ana maneno matamu. Alituambia posti ile inatembea vizuri, watu wanatoa pole nyingi, akiitoa wafuasi watalalamika.

"Mwenyewe yuko hai na hajaruhusu," nilisema.

"Mama, hiyo ni habari. Mtandaoni ndivyo kulivyo."

Shangazi alinyanyua simu yake, akamlenga yule bwana.

"Haya, vua shati."

"Unasema?"

"Vua shati, ukae hapo, ufungue mdomo. Na mimi nitaandika unaumwa nini. Kama hutaki kusema, nitamuuliza mkeo."

Wateja waliokuwa wanasubiri kopi waligeuka wote. Yule bwana alicheka, akatutazama mmoja mmoja, kicheko kikaisha. Alivuta kompyuta yake, akabonyeza, akatugeuzia kioo tuone. Haikuwepo. Shangazi alisimama palepale mpaka yule bwana akaandika na taarifa kwamba mzee ni mzima. Tulipotoka nje tulishikana mikono kama wasichana, tukacheka mpaka watu wa bodaboda wakatuuliza tumeshinda nini.

Zilibaki zile zilizohifadhiwa kwenye simu za watu. Hapo nilirudi Butiama, nikamshikia baba simu yangu, akarekodi kwa ile sauti yake ya kusomea neno kanisani:

"Mimi ndiye mzee wa kwenye picha. Ni mzima. Kwa maombi, asanteni. Ugonjwa wangu ni wangu na daktari wangu. Mwenye picha ile aifute, halafu aniambie amefuta. Asiyetaka, aje nyumbani aniambie usoni."

Niliituma kila tulikojua imepita. Tulikuwa hatujamaliza chai majibu yakaanza. "Nimefuta, mzee." "Nimefuta, na mke wangu kafuta." Wengine walituma sauti kwa Kizanaki, kwa Kijita, kwa Kiikizu. Mwalimu mmoja wa Murangi aliitisha simu za nyumba nzima na kufuta mwenyewe. Baba alitaka asikie kila moja. Akisikia anaitikia, "Ahsante," kama mtumaji yupo mbele yake. Sitasema hakuna iliyobaki mahali popote. Ila tangu siku ile hakuna aliyeniletea tena habari za picha ile.

Nyumbani kwangu sasa tunaulizana. Mume wangu haweki picha ya mtoto bila kumwonyesha mtoto kwanza, na wapo wanaokataa, na wakikataa imeisha. Shangazi ndiye mkali kupita wote. Kwenye harusi ya bintiye alishika kipaza sauti akatangaza, "Maharusi wapigeni picha mpaka mchoke. Wazee wanaokula, waacheni wale." Watu walipiga makofi, simu zikashuka.

Baba alipopata nguvu alirudi kanisani kwa miguu yake. Nilikuwepo Jumapili ile. Baada ya misa aliwaita wanaume wa rika lake na wengine wadogo kwake, wakakaa pembeni, na mimi nikiwa karibu nawasubiri. Nilimsikia anautaja ugonjwa wake kwa jina, bila kupunguza sauti, anaeleza ulivyomuanza na alivyochelewa kwenda kupimwa.

Mzee mmoja alishangaa. "Si ulikasirika watu walipojua?"

"Nilikasirika kwa sababu sikusema mimi," baba alijibu. "Leo nasema mimi. Ulizeni mnachotaka."

Wakauliza. Waliuliza mpaka uwanja wa kanisa ukabaki na sisi tu, na kabla hatujaondoka wanne wao walikuwa wameshapanga siku ya kwenda hospitali pamoja.