Akulina Aikalia Nyundo

Mimi ni rubani, na mdomo wangu haujapata kuwa na breki, basi niseme mapema: siku ile nilimtukana Akulina, na nilikosea.

Akulina Vinokurova alikuwa fundi wa ndege hapa kwetu Yakutia kwa miaka kumi na tisa. Mfupi, mkaidi, vidole viwili vimeliwa na baridi. Alifika kiwanjani kabla yetu sote ili kupasha injini moto kwa jiko, na kabla ya kazi yoyote alitupa kipande cha siagi motoni, maana moto nao una fungu lake. Wageni walimcheka. Aliwaambia wacheke wakiwa bado ardhini.

Januari ya mwaka mmoja baridi ilishuka hadi nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri. Redio ikaita kutoka kambi ya wafugaji wa reinidia, wale kulungu wa nchi za theluji, ng'ambo ya milima: mwanamke yuko kwenye uchungu siku ya pili, mtoto hatoki. Alikuwa Nastasya, mdogo wake Akulina, baba mmoja mama mmoja. Na mwezi huo mwanga wa mchana kwetu ni saa chache tu.

Tukawasha injini twende kumchukua. Baada ya robo saa mishale yote ya geji ilikuwa mahali pake, nikampungia Akulina agonge. Usiku ndege huganda kwenye theluji, na fundi asipoipiga miguu yake ya kutelezea kwa nyundo kubwa ya mti, haing'oki ng'o. Akulina akaiweka nyundo chini, akaikalia.

Nikamwachia msaidizi wangu usukani, nikashuka nikiwaka. Nilimwita mchawi wa siagi, nikamuuliza kama kifuani ana moyo au ana barafu. Akanijibu taratibu kwamba jana jioni, alipoona baridi inazidi, alichanganya petroli maradufu kwenye oili isigande, na petroli hiyo lazima ichemke iishe kabla ya kuruka, nayo bado haijaisha. Alitaka dakika ishirini zaidi. Gerasim Lukich, bosi wa kiwanja, aliyekuwa amekuja kwetu mwaka uliotangulia tu kutoka kusini, akafika akihema, akasema geji ziko sawa.

"Geji haijui nilichomimina mimi," akasema Akulina.

"Mdogo wako anakufa, na wewe umekaa!"

"Nimekaa, bosi. Haya, niinue."

Hakuna aliyethubutu. Tukasimama pale tukikanyagakanyaga theluji, mimi nikimlaani kimoyomoyo. Dakika ya tisa injini ikatapika. Petroli ilichemka ndani, ikaisukuma oili nje kwa bomba, ndoo nzima, nyeusi tii juu ya theluji. Msaidizi akazima haraka. Dakika tisa baada ya kuruka ningekuwa juu ya majabali, injini kavu.

Akulina hakunisuta. Alileta oili ya moto kutoka kwenye jiko lake, akajaza, tukawasha upya, naye akaikalia tena nyundo hadi dakika zake zikaisha zote. Ndipo akainuka, akagonga kulia, akagonga kushoto, ndege ikang'oka.

Tulimleta Nastasya, akajifungua hospitalini jioni ile, mtoto wa kike, wote wazima. Bosi, hata hivyo, alidai barua ya kujieleza kwa kuchelewesha ndege. Akulina aliandika mistari miwili: injini haikuwa tayari, na baridi ya namna ile ikirudi kesho, atakaa tena. Walimnyima likizo ya kiangazi. Hakuomba radhi, na mimi nilikwenda ofisini kwa bosi nikasema maneno yaliyonigharimu likizo yangu pia.

Jumapili tukaenda kumwona mzazi. Wauguzi walishampasha habari zote.

"Dada, ni kweli uliizuia ndege, nami niko kule nalia?"

"Kweli."

"Hata kwangu mimi?"

Akulina akampakata mtoto, akamfunika vizuri.

"Kwako hasa," akasema. "Angekuwa mtu baki, pengine wangenishawishi niiachie."